Je, Raga Ishike Kiti cha Mbele Shuleni?

Katika shule nyingi za upili za Kenya, hususa zile za bweni zilizoko Nairobi, Nakuru, Kisumu na nchi ya magharibi, muhula wa kwanza wa mwaka ni muhula wa raga ya wachezaji kumi na watano kila upande, na muhula wa pili ni wa raga ya wachezaji saba. Na siku ya mechi kubwa mabweni hubaki matupu, nyimbo za shule huimbwa hata sauti zikakauka, na kijana avaaye jezi ya kikosi cha kwanza hupata kwa wenzake taadhima ambayo aghalabu haifikiwi na yule aliyewapita wote katika hisabati. Jambo lenye nguvu kiasi hicho juu ya nyoyo za vijana haliwezi kuachwa lijiendee lenyewe, pasipo watu wazima kukaa na kuulizana kwa insafu: mchezo huu wastahili kiti ulichokikalia? Na kama wastahili, wastahili kwa masharti gani?

Ili swali hili lisijibiwe kwa upendeleo wa mtu mmoja, nimeziita barazani sauti tano. Sikuzipa majina, kwa kuwa si za watu watano mahususi. Ni sauti zisikikazo kandokando ya viwanja, katika mikutano ya wazazi na katika vyumba vya walimu, nami nimezipanga tu zipate kujibizana. Yuko Mwalimu wa michezo, yuko Mama, mzazi wa mvulana, yuko Mzee, aliyeijua raga tangu zama za ukoloni, yuko Tabibu, na yuko Mwanafunzi, msichana wa kidato cha tatu ambaye naye huicheza. Mimi nimejitwalia kazi ya Mwenyekiti, yaani kuuliza, kutuliza panapobidi, na mwishoni kutoa hukumu. Mwalimu ndiye mwenye hoja, basi na aanze.

MWALIMU: Mwenyekiti, waheshimiwa wa baraza, nitaanza na sheria za mchezo kabla ya kuzitaja fadhila zake, kwa sababu kila fadhila nitakayoidai imezaliwa na sheria. Katika raga ni mwiko kuurusha mpira mbele kwa mkono. Hurushwa kando au nyuma tu. Kwa hiyo kijana aliyeushika mpira huweza kwenda mbele kwa miguu yake mwenyewe, walakini akizingirwa na wapinzani aghalabu wokovu wake ni mwenzake aliye nyuma, ambaye alimfuata mbio pasipo kuwa na hakika kwamba mpira huo utamfikia. Na ikiwa mwenzake hakumfuata, bidii yote ya yule wa kwanza hupotea bure. Sijui somo lolote katika ratiba yetu limfunzalo mtoto kwa mwili wake, tena kila baada ya dakika chache, kwamba kufika mbele kwa mmoja kwategemea uaminifu wa walio nyuma yake.

Pili, ni nadra kupata mchezo wenye nafasi kwa maumbile ya kila namna kama huu. Jezi ya kwanza na ya tatu huvaliwa na wanene wenye nguvu za shingo na mabega, waubebao uzito wa skramu, ule msukumano wa safu mbili zilizoinama. Ya nne na ya tano ni za warefu, warukao kuudaka mpira urushwapo kutoka nje ya mstari. Ya tisa aghalabu ni ya kijana mfupi, mwepesi wa mkono na wa kauli. Ya kumi na moja na ya kumi na nne ni za wenye mbio. Nimemwona mvulana mnene ambaye tangu shule ya msingi alikuwa akichaguliwa wa mwisho katika kila mchezo, hata akazoea kuinamisha kichwa kabla majina hayajaanza kuitwa, akaja kwetu akaambiwa kwamba bila yeye kikosi hakisimami. Na tangu siku hiyo alitembea kwa namna nyingine, hata katika darasa la kemia.

Tatu ni adabu mbele ya hukumu. Uwanjani wamo vijana thelathini wenye damu moto, na mwamuzi mmoja mwenye filimbi; na miongoni mwa wote hao, mwenye haki ya kumwuliza mwamuzi jambo ni nahodha peke yake, tena kwa heshima. Aliyepewa adhabu akabishana huiona adhabu ile ikisogezwa mita kumi nyuma, na wenzake wote wakalipia ulimi wake. Mechi ikiisha, wenyeji huwapangia wageni safu mbili na kuwapigia makofi, kisha huketi pamoja kwa chai na mkate. Na sasa ambapo mtaala mpya umeiweka michezo pamoja na sanaa kuwa mojawapo ya njia tatu za masomo katika shule za upili za juu, sioni kwa nini tuendelee kuuona uwanja kuwa ni mahali pa kupotezea wakati. Hoja yangu ni hiyo: raga ipewe kiti cha mbele, kwa kuwa inalea.

MWENYEKITI: Mama, Mwalimu ameizungumzia tabia. Wewe umemzaa mtoto mwenye tabia hiyo na mwenye mwili pia. Wasemaje?

MAMA: Mwalimu, maneno yako ni matamu, nami sina haja ya kuyakanusha yote. Lakini nilipompeleka mwanangu kidato cha kwanza niliandikiwa orodha ndefu: karo, sare, godoro, ndoo, sanduku la chuma lenye kufuli. Hapana mstari hata mmoja ulioniuliza kama nimeridhia atiwe katika mchezo ambao kazi yake mojawapo ni kumwangusha mtu akiwa mbioni. Nilizipata habari kwa simu, jioni, alipokuwa amekwisha kuvunjika mfupa wa bega. Na sauti iliyonipa habari hiyo ilikuwa na fahari kuliko majuto, kwa sababu alivunjika akiwa anafunga.

Nina mambo mawili, na la siha ninamwachia Tabibu. La kwanza ni la haki. Shule yenye mamia ya wanafunzi huwa na kikosi kimoja kisafiricho, kipewacho maziwa na mayai ya ziada, chenye kocha wake na viatu vyake. Hao wengine wote kazi yao ni kuimba kando ya uwanja. Ikiwa raga hufunza utii, na ushirikiano, na subira, kama ulivyosema, basi nijibu: hao waimbao wamefunzwa nini? Mnatuambia kwamba mchezo huu ni malezi ya shule nzima, kumbe ni malezi ya wachache na tafrija ya wengi.

La pili ni la ghururi. Wapo walimu wakuu wawawindao wachezaji wa shule nyingine, wakawahamisha, hata wakakubali kumrudisha kijana darasa alilokwisha kulimaliza, ili kikosi kiwe na mabega mapana. Na kijana akisha kujua kwamba shule inamhitaji kuliko yeye anavyoihitaji shule, huanza kuchelewa darasani, huanza kuwatuma wadogo wamfulie nguo, na mwalimu wa zamu hugeuza uso. Adabu yako ya kumheshimu mwamuzi hukomea kwenye chokaa ya uwanja, Mwalimu. Ikivuka chokaa haionekani.

MWALIMU: Mama, makosa hayo ni ya watu, si ya mchezo.

MAMA: Mchezo unachezwa na nani, Mwalimu, kama si na watu?

MZEE: Mwenyekiti, kabla hawajafika mbali, naomba niitaje nasaba ya mchezo huu, kwa sababu ugonjwa aliousema Mama ni wa kurithi.

Raga ilipata jina lake kwa shule. Huko Rugby, katika jimbo la Warwickshire nchini Uingereza, husimuliwa kwamba mwaka 1823 mwanafunzi William Webb Ellis aliuchukua mpira mikononi akakimbia nao. Na hata Kombe la Dunia laitwa kwa jina lake, ingawa kisa hicho kilianza kuenezwa mwaka 1876, yeye akiwa amekwisha kufa, na ithibati yake ni dhaifu. Lenye hakika ni kwamba mwaka 1845 wanafunzi wenyewe wa shule ile waliziandika sheria za mchezo wao. Shule ile ilikuwa imesifika kwa ajili ya Thomas Arnold, aliyeiongoza tangu 1828 hata kufa kwake mwaka 1842. Naye Arnold alishughulika zaidi na dini na murua kuliko na mpira. Ni mwanafunzi wake, Thomas Hughes, katika riwaya aliyoitoa mwaka 1857, aliyeufanya uwanja uwe ndiyo madhabahu ya malezi. Na tangu hapo wengi wakaamini kwamba mwanamume hutengenezwa kwa kusukumana matopeni, na kwamba aliyetengenezwa hivyo amestahiki kuwatawala wengine.

Imani hiyo ilisafiri kwa meli pamoja na mahakimu na mabwana wilaya. Hapa Nairobi ilifunguliwa shule ya Prince of Wales mwaka 1931, kisha Duke of York mwaka 1949, zote mbili kwa ajili ya wana wa Kizungu, na raga ikawa humo ni kama ibada. Wana wa Kiafrika walikuwa na shule zao, mathalani Alliance iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, ambako mpira wa miguu ulipendwa mno. Mwaka 1955 kikosi cha Lions cha Uingereza na Ireland kilipita Nairobi, kikaishinda Afrika Mashariki kwa alama 39 kwa 12. Na hiyo iliyoitwa Afrika Mashariki ilikuwa ni walowezi na maofisa wao. Sisi tuliokuwa wenyeji wa ardhi hatukuwa na jezi.

MAMA: Basi, Mzee wangu, umenisaidia. Mchezo uliobuniwa kuwakuza mabwana unafanya nini katika shule zetu?

MZEE: Subiri, binti yangu, sijafika mwisho, na mwisho ndio unaonifanya nisiukatae. Uhuru ulipokuja, shule zile zilibadilika jina zikawa Nairobi School na Lenana, milango ikafunguliwa, na vijana wa Kiafrika wakaikuta raga humo. Waliweza kuiacha ife na walioileta, wala hakuna ambaye angewalaumu. Hawakuiacha. Waliicheza, wakaipenda, na mwaka 1977 baadhi yao wakaanzisha klabu ya Mwamba, ili Mwafrika awe na nyumba yake katika mchezo ambao alikuwa mgeni ndani yake. Kisha walimu waliosoma katika shule hizo wakapelekwa kufundisha Kakamega, Bungoma, Kisii na kwingineko, wakaenda na mpira mkobani. Leo mashabiki wa Kabras, klabu ya nchi ya miwa, hawana habari ya walowezi wala ya mabwana wilaya.

Na tarehe 17 Aprili 2016, huko Singapore, Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba, ikifundishwa na marehemu Benjamin Ayimba na kuongozwa na nahodha Andrew Amonde, iliishinda Fiji kwa alama 30 kwa 7 katika fainali, ikatwaa kwa mara ya kwanza taji la mashindano ya msururu wa dunia. Fiji, waheshimiwa, ambao katika raga ya saba watu huwatazama kama wanafunzi wamtazamavyo mwalimu! Mwezi uliofuata Collins Injera wa kikosi hicho akawapita wote katika historia ya msururu huo kwa wingi wa trai, yaani mabao yafungwayo kwa kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Kwa hiyo mimi sisemi mchezo huu ni wa wageni. Nasema tumeurithi pamoja na maradhi yake: ile dhana kwamba aumiaye asilie, kwamba mkubwa amkanyage mdogo ili amkomaze, kwamba shule ni ya wenye nguvu. Urithi huchambuliwa, kizuri huwekwa na kibaya hutupwa.

MAMA: Na taji la Singapore, Mzee wangu, limemlipia nani karo?

MWALIMU: Hapo niruhusiwe kujibu. Humphrey Kayange, ndugu yake Injera na aliyepata kuwa nahodha wa Shujaa, alisomea kemia chuo kikuu huku akiichezea nchi, na mwaka 2021 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mpira na kitabu vilikaa katika mkono mmoja.

MAMA: Umenitajia mmoja, naye Mungu ambariki. Mimi nakuuliza habari za wale ambao hawatajwi.

MWENYEKITI: Swali hilo tutalirudia. Sasa ni zamu ya Tabibu, ambaye tangu mwanzo ameandika wala hakutikisa kichwa.

TABIBU: Nawashukuru. Mfupa wa bega wa mwanao, Mama, ulivunjika, ukaonekana, ukafungwa, na bila shaka umeunga. Mimi nakuja na hadhari ya jeraha lisiloonekana, nalo ni mtikisiko wa ubongo. Kichwa kikigongwa, au mwili ukisimamishwa ghafla hata kichwa kikayumba, ubongo hutikisika ndani ya fuvu na kazi zake huvurugika kwa muda. Picha za kawaida za hospitali aghalabu hazioneshi kitu. Mtoto huweza kusimama, kukimbia, hata kufunga trai, ilhali hajui mechi ni ya ngapi. Akipumzishwa ipasavyo, wengi hupona. Akigongwa tena kabla hajapona, na hasa akiwa bado yuko katika umri wa kukua, ubongo huweza kuvimba kwa kasi ambayo tabibu hawezi kuishinda.

Hili limetokea. Mwaka 2011, katika Ireland ya Kaskazini, mvulana wa miaka 14 alifariki baada ya kugongwa zaidi ya mara moja katika mechi moja ya shule, akaachwa aendelee kucheza. Mwaka 2013, huko Ottawa nchini Canada, msichana wa miaka 17, nahodha wa kikosi cha shule yake, alifariki baada ya migongano iliyofuatana kwa siku chache. Na mwaka 2018 jimbo la Ontario likatunga sheria ya kuwa mchezaji kijana adhaniwaye kuwa na mtikisiko aondolewe, asirudi mpaka apitie hatua zilizowekwa.

MWALIMU: Tabibu, hata katika mpira wa miguu watoto hugongana vichwa, na mtoni huzama, na barabarani hugongwa.

TABIBU: Ni kweli, ila katika mpira wa miguu mgongano ni ajali, na katika raga kumkaba mtu na kumwangusha ni sehemu ya mchezo. Kwa sababu hiyo mwaka 2016 madaktari na wanazuoni zaidi ya 70 nchini Uingereza waliiandikia serikali barua ya wazi wakitaka kukabana kuondolewe katika raga ya shule. Washauri wakuu wa afya wa serikali hawakukubali, wakaona kwamba faida za mazoezi kwa watoto zazidi hasara hizo. Wenye elimu wamegawanyika, nami sitawadanganya kwamba kuna burhani ya kukata maneno yote. Lakini nawaambia neno ambalo pande zote mbili zimeafikiana: mtoto adhaniwaye kuwa ameumia kichwa atoke, asirudi siku ile. Hata sheria za mchezo zimewafikiria vijana. Walio chini ya miaka 19 hawaruhusiwi kusukuma skramu zaidi ya mita moja na nusu, kwa ajili ya kuzihifadhi shingo zao, na kipindi chao kimoja hakizidi dakika 35. Sheria zipo. Nauliza: kandoni mwa viwanja vyetu, mechi ikiwa sare na dakika zimebaki tano, nani huzitekeleza?

MWALIMU: Kocha.

TABIBU: Kocha ambaye ajira yake, au sifa yake, inategemea matokeo ya dakika zile tano?

MWALIMU: Hujamkuta kocha mwadilifu, Tabibu.

TABIBU: Nimewakuta wengi, na uadilifu wao siutilii shaka. Lakini hata wewe hukubali nahodha mwadilifu awe ndiye mwamuzi wa mechi yake mwenyewe. Humtafuta mtu wa tatu, asiye na haja na ushindi wa upande wowote. Kwa nini katika alama tatu za mkwaju tudai mwamuzi asiye na upande, na katika ubongo wa mtoto tusimdai?

Hapo Mwalimu alinyamaza, nami nikaona ndio wasaa wa kumwita yule ambaye habari zake zilikuwa zikizungumzwa juu ya kichwa chake.

MWANAFUNZI: Wazee wangu, nawaomba radhi kama nitakosea kusema. Tangu mlipoanza nimesikia mvulana, wavulana, mwanamume. Sisi wasichana nasi twacheza raga ya saba. Timu yetu ya taifa ya wanawake ilikwenda Olimpiki ya Rio mwaka 2016, mwaka ule ule raga ya saba ilipoingizwa, kisha ikaenda ya Tokyo. Kama mchezo huu unamkuza mtu, basi unamkuza mtu. Usifungwe katika uanaume peke yake.

Jambo la pili ni la Tabibu. Mchezaji aliyeumia kichwa mara nyingi hujulikana na wenzake kabla ya kocha. Tunamwona anaulizwa namba ya mbinu naye anatukodolea macho. Lakini hatusemi, kwa sababu shule nzima inaimba, na kwa sababu tumezoezwa kwamba atakayetoka amewaangusha wenzake, na atakayemtoa mwenzake amemsaliti. Nyimbo zile ni nzuri, wazee wangu, nami huzipenda. Ila zina uzito, na uzito wake watu wazima hawaubebi, twaubeba sisi.

MZEE: Binti yangu, na pamoja na hayo yote, kwa nini wacheza?

MWANAFUNZI: Kwa sababu, Mzee, kabla ya raga nilikuwa naogopa kuanguka. Nimejifunza namna ya kuanguka, na namna ya kumwangusha mtu nisimdhuru, kichwa changu kikiwa upande wa salama na mikono ikiwa imemfumbata. Nilifunzwa na mwalimu aliyetukalisha majuma mengi tukizoea kwa magoti, kabla ya kuturuhusu kukimbia. Wenzangu katika shule nyingine hawakufunzwa hivyo. Walipewa jezi siku ya Jumatatu wakapelekwa mashindanoni siku ya Ijumaa. Tofauti yetu ni ile tu.

MAMA: Mwanangu, umenitoa neno kinywani. Mimi simkatazi mwanangu kucheza na mwalimu wa namna hiyo. Namkataza kuchezewa na wenye haraka.

MWALIMU: Nami nakubali, Mama, kwamba haraka ipo, na kwamba sisi tuupendao mchezo ndio tuliopaswa kuikemea kabla yenu. Nilikuja kuutetea mchezo dhidi ya maadui. Naona hapa hauna adui, una wenye dai.

MZEE: Na dai ni haki yao. Nakumbuka manahodha wa majahazi walivyosemwa zamani: hodari wa kutweka tanga ni wengi, ajuaye wakati wa kulishusha ndiye apewaye abiria.

MWENYEKITI: Baraza limesema, na sasa ni juu yangu. Mimi ni katika waupendao mchezo huu, na siogopi kulisema, kwa kuwa upendo usiotangazwa huweza kujificha ndani ya hukumu na kuipotosha. Nakubali kwamba raga inayo ilimu ya kuwapa vijana: uaminifu wa aliye nyuma, heshima ya kila umbile, na utii wa sheria mbele ya watu. Katika hizo, hii ya tatu ndiyo niishikayo, kwa sababu ndiyo iliyorudi katika kila sauti. Mama alisema adabu ile hukomea kwenye chokaa. Tabibu akatuonesha mahali ambapo mtu mzima hana mwamuzi. Mwanafunzi akatueleza kwamba mzigo ambao wakubwa hawakuubeba uliangukia mabega ya watoto. Yote matatu ni neno moja. Tunamdai mtoto wa miaka kumi na sita ainyenyekee filimbi hata pale inapomwumiza, ilhali sisi, kocha na mwalimu mkuu na mzazi mwenye kiburi cha mwanawe, hatuna filimbi ya kuinyenyekea. Raga itastahiki kiti cha mbele siku ambayo sheria itawaanzia walio wakubwa.

Kwa mujibu wa hayo natoa masharti. Sharti la kwanza: kila mechi na kila zoezi la kukabana liwe na mtu aliyefunzwa kuutambua mtikisiko wa ubongo, asiye kocha, na neno lake la kumtoa mchezaji liwe la mwisho, pasiwe na mwalimu mkuu wala mfadhili wa kulipindua, na mwanafunzi atakayemtaja mwenzake aliyeumia asifiwe mbele ya gwaride la shule kama asifiwavyo mfungaji. La pili: mzazi aulizwe kabla, kwa maandishi, aelezwe hatari na aelezwe kinga, na aelezwe nani atalipia matibabu, na kukataa kwake kusimpunguzie mtoto heshima. La tatu: pasiwe na kijana atakayekabana katika mechi kabla hajafunzwa kuanguka na kuangusha, wala asipambanishwe mwepesi na mzito kwa sababu tu wako kidato kimoja. Huko New Zealand, ambako raga ni kipenzi cha taifa, zipo daraja za watoto na vijana zipangwazo kwa kilo, na hakuna aliyewaita waoga.

Sharti la nne ni jibu la Mama kuhusu wale waimbao. Shule itakayojiita shule ya raga iwe na vikosi vingi, vya mabweni na vya vidato, vya wavulana na vya wasichana panapokuwa na wote, na raga ya kugusana tu kwa wasiotaka au wasioweza kukabana, ili ilimu tunayojivunia imfikie na yule ambaye hatasafiri kamwe na basi la shule. Mayai na maziwa yakipatikana kwa kikosi cha kwanza peke yake, basi yaliyopatikana ni machache, na wajibu wa shule ni kuyatafuta mengine. La tano: mchezaji ahukumiwe bwenini na darasani kwa sheria ile ile imhukumuyo asiyecheza, na asihamishwe wala kurudishwa darasa kwa ajili ya mabega yake, kwa sababu mtoto aliyenunuliwa kwa nguvu za mwili wake hufunzwa kwamba hana thamani nyingine.

Yapo kati ya hayo yahitajiyo fedha, na mengi yahitaji haya tu na uthabiti. Shule iwezayo kuyatimiza na iuweke mchezo huu mbele bila ya kuona aibu, iujengee uwanja, iutungie nyimbo mpya, na iwaalike wazazi waje kutazama. Shule isiyoweza kumweka kandoni mtu wa kumlinda mtoto, wala kumpata mwalimu mwenye subira ya kufunza, hiyo haijawa tayari. Na icheze raga ya kugusana, iwafunze vijana kukimbia na kupasiana, mpaka itakapojaliwa kuwa na hao wawili. Wala asiseme mtu kwamba kungoja huko kutatunyima ushindi, kwa maana shule iliyopewa amana ya watoto wa watu huulizwa kwanza habari za watoto wenyewe, kila mmoja kwa jina lake, ndipo iulizwe habari za makombe.